Uso, Hisia, Tabia na Afya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanafuata kanuni moja: uso hulinganishwa na uso huo huo. Upande wa kulia na wa kushoto, wa leo na wa mwezi uliopita, uliotulia na unaotabasamu. Anayeulinganisha uso wa mtu na nyuso za watu wengine, au na picha aliyonayo kichwani ya "uso wa mtu mwema", hukosea mara nyingi, na makosa mengine huumiza.

Uso unaendeshwa na nini?

Misuli mingi mwilini huvuta mfupa. Ile ya uso mingi imeshikana na ngozi yenyewe, ndiyo maana mkazo mdogo tu unatosha kuchora ndita kwenye paji au kuinua pembe ya mdomo. Karibu yote inaendeshwa na neva ya 7 ya kichwa, moja kila upande. Neva hiyo hutoka kwenye fuvu chini ya sikio, hupenya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, kisha hugawanyika matawi makuu 5: paji, eneo la jicho, shavu, taya na shingo.

Kuna mambo mawili haifanyi. Kutafuna ni kazi ya neva ya 5. Kuinua kope ya juu hasa ni kazi ya neva ya 3. Kwa hiyo mtu mwenye neva ya 7 iliyopooza anashindwa kufumba jicho, si kulifumbua. Kope ikiwa imeanguka na jicho halifunguki, chanzo kitafutwe kwingine.

Amri za ubongo nazo zina njia mbili. Tabasamu la kuagizwa hutoka sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa hiari, na tabasamu linalokuja lenyewe hupitia sehemu za ndani zaidi. Ndiyo sababu baadhi ya waliopata kiharusi wakiambiwa "tabasamu" mdomo huenda upande mmoja, lakini wakichekeshwa pande zote mbili huinuka.

Je, kila hisia ina sura yake?

Zipo sura ambazo wengi huzihusisha na hisia fulani. Furaha: pembe za mdomo hupanda, mashavu huinuka, ngozi ya kando ya jicho hukunjamana. Huzuni: ncha za ndani za nyusi huinuka na pembe za mdomo hushuka, hizo ncha za ndani ni ngumu kuziinua kwa makusudi, jaribu mbele ya kioo utaona. Hasira: nyusi hushuka na kukaribiana, kope hukazwa, midomo hubanwa. Hofu: nyusi huinuka huku zikivutana, weupe wa jicho huonekana juu, midomo huvutwa kuelekea masikioni. Mshangao hufanana na hofu, ila nyusi hupinda kama upinde bila kuvutana, taya huanguka, na yote hupita upesi. Kinyaa hukunja pua na kuinua mdomo wa juu. Dharau hukaza pembe moja tu ya mdomo.

Wataalamu hawaandiki "amekasirika" wanapopima uso. Huandika msuli uliosogea na kiasi ulichosogea, kwa mfumo wa alama uliotolewa na Paul Ekman na Wallace Friesen mwaka 1978. Tabia hiyo ni nzuri hata kwa asiye mtaalamu: sema kwanza ulichokiona ("nyusi zimeshuka"), halafu ndipo ukisie maana.

Sura hizo ni zile zile kwa watu wote duniani?

Hapa wataalamu bado wanabishana, na kila upande una ushahidi. Charles Darwin alitetea umoja huo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Ekman naye, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwaonyesha picha Wafore wa Papua New Guinea, watu ambao hawakuwa wamezoea sinema wala magazeti, akaona wanachagua majibu yanayokaribiana na ya watu wa kwingine. Ushahidi mwingine mzito ulitoka kwenye judo ya Michezo ya Walemavu ya mwaka 2004: wanamichezo waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kuona uso wa mtu, walionyesha sura za ushindi na za kushindwa kama wenzao wanaoona.

Kwa upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea hiyo hiyo, ulionyesha vijana wakiitafsiri sura ambayo wengine huiita ya hofu kuwa ni ya mtu anayetisha. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba mtu mzima mwenye hasira hukunja uso takriban mara 3 tu kati ya 10. Zilizobaki hunyamaza, hulia, hata hutabasamu. Na si kila anayekunja uso ana hasira: huenda anafikiri, jua limempiga machoni, au hasikii vizuri.

Kwa matumizi ya kila siku, uso peke yake ni nusu ya habari. Ongeza sauti, mabega, mikono, na kilichotokea sekunde chache kabla. Ukiwa na shaka, muulize mwenyewe.

Nitalitambuaje tabasamu la kweli?

Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1862, alisisimua misuli ya uso kwa umeme na kuona kuwa tabasamu la furaha hushirikisha misuli miwili: unaovuta pembe za mdomo juu, na unaolizunguka jicho. Wa kwanza hutii amri, wa pili ni mkaidi zaidi. Basi tazama ngozi iliyo kati ya nyusi na kope ya juu. Ikishuka kidogo, msuli wa jicho umefanya kazi. Makunyanzi ya kando ya jicho peke yake hayatoshi, kwa sababu tabasamu pana sana husukuma mashavu mpaka makunyanzi yajitokeze hata bila furaha.

Tazama pia muda. Tabasamu linalotoka moyoni huja taratibu na kuondoka taratibu, wakati la kujilazimisha mara nyingi huwaka na kuzimika ghafla. Hata hivyo wapo watu wengi wanaoweza kukaza msuli wa jicho wapendavyo, kwa hiyo hiki si kipimo cha kumhukumu mtu. Na tabasamu la adabu si uongo. Ni salamu.

Je, uso unaweza kumfichua mwongo?

Hapana, si kwa kiwango cha kutegemewa. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54. Kurusha sarafu kungekupa 50. Kuna misisimko ya uso ya muda mfupi sana, chini ya nusu sekunde, na ni kweli huwa inatokea. Lakini hutokea kwa wachache, hutokea pia kwa wasema kweli, na hata ukiiona inakuambia hisia, haikuambii sababu. Mtu asiye na hatia anayeogopa kutoaminiwa ana uso wa hofu ule ule wa mwenye hatia. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali ya Marekani walipendekeza fedha za mpango wa kuwatambua abiria hatari viwanjani kwa kutazama mienendo yao zipunguzwe, kwa kukosa ushahidi kwamba unafanya kazi.

Uongo hukamatwa kwa maelezo yanayopingana na kwa vitu vinavyoweza kuthibitishwa.

Nikitabasamu kwa makusudi, huzuni itaondoka?

Itapungua kidogo, labda. Jaribio maarufu la mwaka 1988 liliwataka watu washike kalamu kwa meno ili mdomo ukae kama wa anayetabasamu, na wakaona vichekesho vinachekesha zaidi. Lilirudiwa na maabara 17 mwaka 2016 bila kupata matokeo yale. Kisha mwaka 2022 kazi ya pamoja iliyofanyika katika nchi 19 ikaona kuwa kuiga tabasamu huongeza furaha kwa kiasi kidogo, ingawa mbinu ya kalamu yenyewe haikuonyesha matokeo ya uhakika. Ni kidogo mno kumwambia mtu mwenye sonona "tabasamu utapona". Huyo anahitaji matibabu.

Je, umbo la uso linaonyesha tabia ya mtu?

Swali hili ni la zamani kuliko yote. Elimu ya firasa imekuwapo kwa karne nyingi. Ulaya, Johann Kaspar Lavater aliipa umaarufu kwa vitabu alivyoanza kuvitoa mwaka 1775. Mwaka 1876 Cesare Lombroso wa Italia alidai kuwa wahalifu huzaliwa na alama zao: taya kubwa, masikio yaliyotokeza, paji lililolala. Alipotokea mtu wa kupima kwa uangalifu, Charles Goring wa Uingereza, aliyechapisha mwaka 1913 vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 akiwalinganisha na wasio wafungwa, ile sura ya mhalifu haikupatikana. Kufikia hapo madai hayo yalikuwa yamekwisha kutumika kuwadhuru watu, na yaliendelea kutumika kuhalalisha ubaguzi wa rangi.

Kwa nini basi tunahisi kwamba tunaona tabia? Kwa sababu ubongo huhukumu haraka kuliko tunavyojua. Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha mwaka 2006 kwamba sehemu ya 1/10 ya sekunde inatosha kumwona mtu usiyemjua kuwa mwaminifu au la. Ukipewa muda zaidi hubadilishi uamuzi, unauamini zaidi tu. Mwaka mmoja kabla, Todorov na wenzake waliona kuwa wagombea wa Seneti ya Marekani ambao nyuso zao zilionekana za watu wenye uwezo walishinda katika takriban asilimia 70 ya mashindano. Hilo halisemi kuwa walikuwa na uwezo. Linasema wapiga kura walivutwa na sura.

Chanzo kikubwa cha kosa ni hiki: tunausoma mfupa kama tunavyoisoma hisia. Aliyezaliwa na nyusi za chini, zilizo karibu na macho, huonekana mkali. Aliyezaliwa na pembe za mdomo zinazoelekea juu huonekana mkunjufu. Mwenye macho makubwa, kidevu kidogo na mashavu ya mviringo, yaani sura ya kitoto, huonekana mnyofu. Wahenga waliliona upande wa pili: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lingine ni kwamba picha mbili za mtu yule yule, zilizopigwa kwa mwanga tofauti, huweza kupewa alama tofauti kabisa za uaminifu. Tabia ya mtu haibadiliki kati ya picha na picha.

Kwa haki, ucheshi na uchangamfu watu huweza kuukisia vizuri kidogo kuliko bahati nasibu. Lakini wanausoma kwenye tabasamu, mavazi na namna ya kusimama, si kwenye urefu wa pua.

Anayeajiri, anayekopesha au anayeamua kesi afanye hivi: aondoe picha kwenye maombi, aandike maswali kabla ya kuonana na mtu, awaulize wote maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, na atoe alama kwa kila jibu papo hapo kabla ya kuandika maoni ya jumla. Akianza na maoni ya jumla, sura itakuwa imekwisha kuamua.

Watu husema nimenuna wakati nimetulia tu. Tatizo ni nini?

Ni umbo, si tabia. Pembe za mdomo zinazoelekea chini, nyusi nzito na kope za juu zinazofunika sehemu ya jicho husomwa kama huzuni au hasira. Umri huongeza hali hiyo kadiri ngozi na mafuta ya shavu yanavyoshuka. Unachoweza kubadilisha ni mwendo: kuinua nyusi kidogo unaposalimia, kumtazama mtu, kuitikia kwa kichwa. Lakini kama uso uliokuwa mchangamfu umekuwa mkavu ndani ya miezi au miaka michache, usiuite umri. Soma jibu linalofuata.

Uso usioonyesha hisia ni dalili ya nini?

Huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Uso hukauka kama kinyago, na kupepesa macho hupungua: mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika, ila wenye ugonjwa huu hushuka mbali chini ya hapo. Tazama pia mwandiko uliogeuka kuwa mdogo, mkono mmoja usiopunga wakati wa kutembea, sauti iliyofifia na kutetemeka mkono ukiwa umepumzika. Familia nyingi humdhania mgonjwa ana kiburi au amekosa upendo, kumbe ndani hisia zake ni nzima. Sonona nayo hukausha uso, vivyo hivyo baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na tezi ya thairoidi inayofanya kazi pungufu.

Wapo wanaozaliwa hivyo. Wenye hali iitwayo Moebius hawawezi kutabasamu wala kukunja uso kwa sababu neva zao hazikukua. Wanafurahi na kuhuzunika kama yeyote, na huonyesha kwa sauti na mikono. Kwa mtoto mchanga, tabasamu la kumjibu mtu huanza karibu wiki ya 6 hadi ya 8. Likichelewa kupita miezi 3, apimwe macho na ukuaji.

Upande mmoja wa uso umelegea. Ni kiharusi au neva ya uso?

Mpaka itakapothibitishwa vinginevyo, chukulia kuwa ni kiharusi. Fanya haya kwa dakika moja:

1. Mwambie aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo haupandi?
2. Afumbe macho na anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, kwa sekunde 10. Je, mmoja unashuka?
3. Arudie sentensi fupi. Je, maneno yanaburuzika, yanachanganyika au hayatoki?
4. Uliza alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, na uandike saa hiyo.

Dalili moja inatosha kumkimbiza hospitali yenye kipimo cha picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kwa baadhi ya wagonjwa bonge huweza kuvutwa kwa mrija hadi saa 24. Usimpe chakula, maji wala aspirini: huenda hawezi kumeza, na huenda kiharusi chake ni cha damu kuvuja. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika 10, bado aende. Huo ni mlango wa kiharusi kingine.

Tofauti iko kwenye paji. Kila upande wa paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha kawaida hulegeza mdomo na kuacha paji likikunjika. Neva yenyewe ikipooza, hali iitwayo kupooza kwa Bell, upande mzima huzima: ndita za paji hufutika, jicho halifumbi, mdomo hushuka. Huanza na kufikia kilele ndani ya saa 72, na mara nyingi kuna maumivu nyuma ya sikio, ladha iliyobadilika, au sauti zinazokera upande huo. Kuna viharusi vichache vya shina la ubongo vinavyoshika paji pia. Kwa hiyo kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au mkono kudhoofika hufuta faraja yote ya kipimo cha paji.

Kupooza kwa Bell hutibiwaje, na watu hukosea wapi?

Dawa yenye ushahidi ni prednisoloni, ikianzwa ndani ya saa 72. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni miligramu 50 kwa siku kwa siku 10, au miligramu 60 kwa siku 5 kisha kupunguza miligramu 10 kila siku. Daktari ndiye anayeiandika, kwa sababu hupandisha sukari na inaweza kuzidisha vidonda vya tumbo. Katika utafiti wa Scotland wa mwaka 2007, asilimia 94 ya waliopewa walikuwa wamepona kabisa baada ya miezi 9, dhidi ya asilimia 82 ya wasiopewa.

Kosa kubwa ni kusahau jicho. Lisipofumba, kioo cha jicho hukauka na kuchubuka. Mchana tia matone ya machozi bandia kila saa moja au mbili na vaa miwani. Usiku tia mafuta mazito ya jicho, kisha funga kope kwa plasta ya karatasi, ukihakikisha imefumba kabisa kabla ya kubandika. Pamba juu ya jicho lililo wazi hulikwaruza. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiona ukungu, ni la daktari siku hiyo hiyo.

Kosa la pili ni mazoezi ya nguvu. Kutafuna sana hakusaidii, maana kutafuna ni kazi ya neva nyingine, na kukaza uso kwa nguvu zote kunaweza kuzoesha misuli kuvutana vibaya, mpaka jicho lifumbe kila mtu anapotabasamu. Miendo iwe midogo, ya polepole, mbele ya kioo, huku upande mzima ukizuiwa kwa kidole usivute mno.

Malengelenge ndani ya sikio au mdomoni yanaashiria mkanda wa jeshi kwenye neva ya uso. Huo huhitaji pia dawa ya kuua virusi, na mapema. Kupooza kunakokuja taratibu kwa wiki nyingi, au kusikosogea kabisa baada ya miezi 3 hadi 4, kutafutiwe uvimbe.

Nitajuaje maumivu ya mtu asiyeweza kusema?

Uso wenye maumivu una alama 4 zinazojirudia: nyusi hushuka, ngozi kuzunguka jicho hukazwa, mdomo wa juu huinuka huku pua ikikunjamana, na macho hufumba. Kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 7 hospitali nyingi hutumia kipimo cha mambo 5: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Kwa uso, 0 ni uliotulia, 1 ni kukunja mara moja moja au kujitenga, 2 ni kidevu kutetemeka au taya kukazwa kila mara. Mtazame akiwa macho kwa dakika 1 au 2, akilala dakika 5. Jumla ya 4 hadi 6 ni maumivu ya wastani, 7 na zaidi ni makali. Rudia nusu saa hadi saa moja baada ya dawa. Namba isiposhuka, dawa haijatosha. Mtoto aliyenyamaza kabisa na uso mtupu si lazima ametulia. Huenda amechoka kulia.

Mabadiliko ya rangi yanaonekanaje kwenye ngozi nyeusi?

Vitabu vingi viliandikwa kwa ngozi nyeupe, na wagonjwa weusi huchelewa kutambuliwa kwa sababu hiyo. Kwenye ngozi nyeusi acha shavu, tazama palipo na rangi kidogo.

*Umanjano.* Tazama weupe wa jicho kwa mwanga wa mchana. Weupe uliozoea jua huwa na ukahawia wa asili, kwa hiyo vuta kope ya chini na kagua sehemu iliyofichika. Umanjano huanza kuonekana rangi ya nyongo (bilirubini) kwenye damu ikifika karibu miligramu 2.5 hadi 3 kwa desilita. Viganja vya manjano na macho meupe hutokana mara nyingi na vyakula vyenye rangi ya chungwa, si ini. Mtoto mchanga: bonyeza ufizi au ncha ya pua kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki. Umanjano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, na baada ya hapo kiwango kipimwe, kisikisiwe kwa macho.

*Upungufu wa damu.* Kope ya chini ikivutwa, ukingo wa mbele huwa mwekundu kuliko nyuma. Pande zote zikiwa za rangi moja iliyofifia, damu imepungua sana. Linganisha na viganja na ufizi.

*Ukosefu wa oksijeni.* Ulimi na ufizi hugeuka kijivu au samawati. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kukosa oksijeni bila rangi hiyo kutokea, na kifaa cha kidoleni huweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Hesabu pumzi, usitegemee namba pekee.

*Upele wa kipepeo* wa lupusi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) hushika mashavu na mgongo wa pua, lakini haugusi mkunjo unaotoka puani hadi pembe ya mdomo. Kwenye ngozi nyeusi huonekana wa zambarau au kahawia iliyokolea badala ya wekundu.

Uso umevimba. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kasi. Midomo, ulimi au koo vikivimba kwa dakika au saa chache ni dharura: huenda ni mzio, au dawa za shinikizo la damu za kundi la enalaprili na lisinoprili, ambazo huweza kusababisha uvimbe huo hata baada ya miaka ya kuzitumia. Uvimbe kuzunguka macho unaokuwa mkubwa asubuhi na kupungua mchana, hasa kwa mtoto, unaelekeza kwenye figo. Pima protini kwenye mkojo. Uso uliovimba taratibu, ngozi kavu, baridi kupita kiasi na theluthi ya nje ya nyusi kupukutika huelekeza kwenye thairoidi.

Uso unaokuwa duara kama mwezi hutokana mara nyingi na steroidi, dawa za kupunguza uvimbe zinazofanana na homoni ya mwili: vidonge, au krimu kali zinazopakwa kwa miezi, zikiwamo za kung'arisha ngozi ambazo huchanganywa bila kuandikwa kwenye lebo. Usiziache ghafla. Mwili uliozoea steroidi ya nje husimamisha yake, na kuikata kwa siku moja kunaweza kuua. Daktari huipunguza hatua kwa hatua.

Macho na kope vinasema nini?

Kope iliyoanguka ghafla pamoja na mboni iliyopanuka na kichwa kuuma: hospitali mara moja, huenda mshipa wa damu kwenye ubongo umetuna. Kope iliyoshuka kidogo na mboni iliyosinyaa upande huo huo, pamoja na maumivu ya shingo: mshipa wa shingoni huenda umechanika ndani. Kope nzuri asubuhi na nzito jioni: uchovu wa misuli uitwao mayasthenia, na mara nyingi barafu ndani ya kitambaa juu ya kope kwa dakika 2 huiinua kwa muda. Macho yaliyotokeza na kuonyesha weupe juu ya mboni hutokana na thairoidi, na sigara huzidisha hali hiyo.

Mtoto ambaye katika picha zilizopigwa kwa taa ya kamera mboni yake moja hutoka nyeupe badala ya nyekundu apelekwe kwa daktari wa macho ndani ya siku chache. Saratani ya retina hugunduliwa hivyo, mara nyingi na mzazi.

Je, chunusi za kidevu au mstari wa ndewe ya sikio ni dalili ya ugonjwa wa ndani?

Ramani zinazogawa uso kuwa eneo la ini, la figo na la moyo hazina msingi. Chunusi za kidevu na taya kwa wanawake zinahusiana na homoni, na kama hedhi hazina mpangilio au ndevu zinaota, homoni zipimwe. Mstari wa mshazari kwenye ndewe, ulioelezwa na Sanders Frank mwaka 1973, umehusishwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, lakini huongezeka na umri na hautoshi kumpa mtu ugonjwa. Mabaka ya manjano kwenye kope yanastahili kipimo cha kolesteroli, ingawa karibu nusu ya wenye nayo huwa na kolesteroli ya kawaida.

Programu za kompyuta zinazosoma hisia zinaaminika?

Zinasoma misuli, kisha zinabandika jina la hisia, na hapo ndipo zinapokosea. Microsoft iliondoa huduma yake ya kukisia hisia mwaka 2022. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 2 Februari 2025, umepiga marufuku kuzitumia kazini na shuleni isipokuwa kwa sababu za kitabibu au usalama.

Nipige vipi picha zitakazomsaidia daktari?

Simama ukitazama dirisha ili mwanga upige pande zote sawa. Kamera iwe usawa wa macho, umbali wa mita 1.5, ya karibu, kama sentimita 30, hukuza pua na kupotosha uso mzima. Zima vichujio vya urembo. Piga 5: uso umetulia, nyusi zimeinuliwa, macho yamefumbwa kwa nguvu, meno yanaonekana, midomo imechongolewa kama ya kupiga mluzi. Andika tarehe, na andika kama kamera imegeuza kulia kuwa kushoto, maana nyingi za mbele hugeuza.

Kwa mabadiliko ya polepole leta picha za zamani, za miaka 5 na 10 iliyopita. Ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi hupanua pua, taya na paji polepole kiasi kwamba wa nyumbani hawaoni. Picha hizo pamoja na pete isiyoingia tena na viatu vilivyopanda namba huweza kufupisha miaka ya kutafuta jibu. Uso uliopinda leo hii hauhitaji picha. Andika saa, uende.